Motokaa za Kale Katika Njia ya Magadi

Miongoni mwa njia zote zitokazo Nairobi na kuelekea kusini, sioni hata moja imfaayo mtu mwenye mapenzi na motokaa za kale kuliko ile ipitayo Ongata Rongai na Kiserian, ikapanda bega la Vilima vya Ngong hadi mahali paitwapo Corner Baridi, kisha ikaporomoka ndani ya Bonde la Ufa, mwendo wa saa nzima na zaidi, mpaka ikomee penye ufuo mweupe wa Ziwa Magadi. Wengi wetu, tukitajiwa matembezi ya kutazama magari ya zamani, fikira zetu hukimbilia pwani, kwenye barabara ya Mama Ngina kule Mombasa, ambako gari lililong'arishwa hupita taratibu kando ya bahari na kila mtu akaligeuzia shingo. Sina neno baya juu ya matembezi hayo. Lakini bahari, pamoja na uzuri wake wote, ni adui wa chuma. Unyevu wake na chumvi yake huingia chini ya rangi, huitafuna milango kutoka ndani, na motokaa nyingi zilizokuwa na siha njema zimekwisha huko kabla ya wakati wake. Kajiado, kaunti ipitiwayo na njia hii, ni nchi kavu. Mvua yake ni haba, upepo wake hauna maji, na kwa sababu hiyo si ajabu kukuta hapa gari la miaka ya 1960 ambalo bado lina sakafu yake ya asili. Na ufuo nao upo, ijapokuwa maji yake hayana njia ya kwenda baharini.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kile tukitafutacho. Nairobi ina maonyesho yake mashuhuri ya magari, yaitwayo Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, nayo hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi huinama mpaka chini ya gari kutazama kama kuna tone la mafuta au chembe ya vumbi, wakafungua boneti, wakapima rangi, wakajaribu honi na taa zote, ndipo wakatoa alama. Ni tamasha la kupendeza, na washiriki hutoka hata Uganda na Tanzania. Hata hivyo magari ya uwanjani ni yale yaliyokwisha kuvuliwa kazi na kuvikwa heshima, ilhali magari ya njia ya Magadi yangali kazini: hili limebeba madebe ya maziwa, lile limebeba mbuzi watatu na mchungaji wao, jingine lavuta tangi la maji kwenda boma lililo mbali na kisima. Mtu anayetaka kujua gari liliundwa kwa ajili gani hana budi kuliona likibeba mzigo wake, na huo ndio msingi wa maneno yote nitakayoyasema.

Alama ya kwanza ya kumwongoza mtazamaji ni kibao cha namba. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 gari la Kenya lilipewa herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Kisha herufi zilipokwisha, ndipo ikazidishwa herufi moja mwishoni, nao mtindo huo ndio unaotumika hata leo. Kwa hiyo ukiona kibao kisicho na herufi ya nyuma, na aghalabu kitakuwa cheusi, basi jua kwamba mbele yako kuna gari lililoandikishwa miaka thelathini na tano iliyopita au zaidi, hata kama mwili wake umekwisha kupakwa rangi mara nne na taa zake zimetoka kwenye gari la ukoo mwingine. Baada ya kibao, tazama umbo. Peugeot 404, ambayo ilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia na kuanza kuuzwa mwaka 1960, hutambulikana kwa mapezi mawili yaliyochongoka nyuma, juu ya taa. Ndugu yake wa baadaye, 504, iliyotoka mwaka 1968, ina taa za mbele zenye pembe zilizoinamishwa kama macho ya mtu mwenye usingizi, na kifuniko cha buti kilichovunjika katikati na kushuka kwa mteremko. Land Rover za kwanza zina taa zilizokaribiana, katikati ya uso, ndani ya wavu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishwa pembeni, na ile iitwayo Series III, iliyoanza mwaka 1971, haikupata kuzirudisha ndani. Mtu akiyashika haya machache, njia yote humgeukia kitabu.

Mimi hupenda kuianza safari hii Kitengela badala ya Nairobi. Mji huu, ambao kizazi kimoja nyuma ulikuwa makazi machache ya wafugaji kando ya barabara kuu ya Namanga, umesitawi kwa haraka mno tangu eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lilipofunguliwa Athi River katika miaka ya 1990; na pamoja na wafanyakazi, wapangaji na wajenzi, walikuja pia mafundi. Ukipita nyuma ya maduka, mbali kidogo na lami, utasikia nyundo na kuona cheche za kuchomelea, na humo katika viwanja vya juakali ndimo yanamolazwa magari ambayo wenyewe hawajakata tamaa nayo. Fundi wa mahali hapa haagizi bati la mlango kutoka Ufaransa. Hulichukua bati la pipa, akalipiga kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli mpaka likafuata mkunjo wa lile la asili, akalichomelea, akalipiga msasa, na ukitazama kwa umbali wa hatua tano huwezi kumaizi palipounganishwa. Elimu hii haikuandikwa. Imepokewa kwa macho na kwa mikono, mwanagenzi akimshikia mkubwa wake taa kwa miaka mingi kabla ya kuachiwa spana, na mimi naihesabu kuwa ni sehemu ya urithi wenyewe, sawasawa na magari. Maana gari la kale lisilo na fundi wake halina tofauti na rundo la vyuma.

Kuna sababu ya hakika kwa nini Peugeot ndiyo inayoonekana zaidi miongoni mwa wazee hawa. Gari hilo halikuishia kuuzwa hapa tu, bali liliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, hata baada ya kwao Ufaransa kuliacha. Pikapu ya 404 iliendelea kutengenezwa nchini mpaka mwaka 1991, na 504 iliendelea baada yake. Spea zake zikaenea hadi kwenye maduka madogo, mafundi wakaizoea, na mtu wa Bissil au wa Namanga alijua kwamba likimharibikia njiani, mtu wa pili atakayempita atakuwa na kifaa anachokihitaji. Gari la miguu mirefu, springi laini na injini isiyolalamika lilimfaa mfugaji aliyetaka kufika kwenye mnada wa mifugo na kurudi na unga kabla ya giza, na ile 504 ndefu yenye viti vya safu tatu ilikuwa, kwa miaka mingi, ndiyo teksi ya masafa katika nchi nzima. Watu wazima watakumbuka jinsi abiria walivyoshindania kiti cha mbele.

Lakini fahari ya magari haya haikujengwa sokoni peke yake; ilijengwa pia katika mbio. Mwezi Mei mwaka 1953, ikiwa ni kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalianzishwa mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yaliyoitwa Coronation Safari, na tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Sharti lake la awali lilikuwa la hekima kubwa: gari liwe kama linavyouzwa dukani, na magari yapangwe kwa madaraja kulingana na bei. Mkulima, karani au mwalimu aliyekuwa akiweka akiba yake kidogo kidogo aliweza kusimama kando ya njia wakati wa Pasaka, akaona kwa macho yake ni gari lipi kati ya yale anayoyatamani lililotoka katika matope likiwa hai, na ni lipi lililobaki mtoni. Kwa hiyo mbio hizi zilikuwa ni mtihani wa hadharani, na majibu yake yaliingia katika hesabu za kila nyumba.

Na majibu yenyewe yalikuwa makali. Mwaka 1963 waliondoka washindani 84 wakafika 7 tu. Mwaka 1968 wakaondoka 93, na mara hii tena wakafika 7. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye katika miaka yote miwili aliendesha Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland wa Tanzania, tena kwa 404. Ove Andersson akaja kushinda kwa 504 mwaka 1975. Nani basi angeuliza kwa nini pikapu hizo zimejaa Kajiado? Volkswagen nayo, lile gari la mgongo wa mviringo ambalo injini yake iko nyuma na haina rejeta ya maji, ilishinda mwaka 1954 mikononi mwa Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957 na 1962, na hiyo ndiyo sababu wamisionari, wauguzi na walimu wengi wa zama zile waliiamini iwafikishe kwenye vituo vyao.

Kwangu mimi, hata hivyo, ushindi mtukufu kuliko wote ni ule wa mwaka 1965, wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akisaidiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, gari la mkono wa pili, lisilo na kiwanda nyuma yake cha kulihudumia. Na ndugu hawa wawili, kwa ustadi wa ufundi na kwa kuijua nchi, waliwapita matajiri wote. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, jambo ambalo halijapata kufanywa na mwingine katika Safari. Ndiyo maana mtu akikutana leo na pikapu ndogo ya Datsun iliyochakaa katika soko la Kiserian, na akapata kusikia mwenyewe akiisifu kwa maneno ambayo mtu huwatunzia jamaa zake, haifai kushangaa: jina lile lilipata heshima yake mbele ya macho ya watu hawa hawa.

Kajiado yenyewe haikuwa mbali na mambo hayo. Katika miaka ya mwisho kabla Safari haijaondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, nyanda za Kajiado na Oltepesi zilikuwa miongoni mwa viwanja vyake, na wazee wa huko wangali wanakumbuka helikopta zilizoruka chini chini mbele ya magari kuwatahadharisha wenye ng'ombe. Mwaka 2021 ubingwa huo ulirudi Kenya, makao yake yakawa Naivasha. Na tangu mwaka 2003 yako pia mashindano mengine, ya magari ya zamani peke yake, ambayo hupita maelfu ya kilomita katika Kenya na mara nyingine Tanzania, na Amboseli, iliyo ndani ya kaunti hii, imekuwa miongoni mwa vituo vyake. Hapo huonekana Porsche 911, Ford Escort na Datsun 240Z zikitimua vumbi kama zamani. Hayo ni ya wenye mali. Lakini mtoto wa boma asimamaye juu ya kichuguu kuyatazama hapungukiwi na kitu kwa kutokuwa na tikiti.

Sasa turudi njiani. Kutoka Kitengela utafuata barabara ya Namanga hadi Isinya, kisha ukate kulia kuelekea Kiserian, ukiwa na Vilima vya Ngong mbele yako muda wote. Njia hii yafaa iendwe siku ya Jumamosi au ya soko, asubuhi, kwa maana ndipo magari yanapotoka mabomani. Usiende mbio. Magari ya kale hayaendi mbio nayo, na mengi ya yale mazuri huyaoni barabarani bali pembeni, chini ya mgunga, nyuma ya duka la nyama, au ndani ya ua wa waya, yakiwa yameegeshwa uso ukitazama njia. Ukiliona moja, simama mbali kidogo, ushuke, usalimie kwanza. Mzee wa Kimaasai ukimwambia «Sopa» naye akakuitikia «Ipa», mkakaa, mkaulizana habari za mvua na za ng'ombe, mambo ya gari yatakuja yenyewe kwa wakati wake, na kamera haitakuwa na ubaya. Lakini anayeteremka na kuanza kupiga picha kabla ya salamu ameikosea adabu ya nchi, na aghalabu hupata picha ya bati tu, hadithi asiipate.

Baada ya Kiserian barabara hupanda hadi Corner Baridi, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako upepo unastahili jina lake. Na pale pale ardhi huanguka, ukaliona bonde lote limetandazwa chini, kahawia na kijivu na zambarau, na mlima Olorgesailie umesimama peke yake katikati ya ukungu wa joto. Ziwa Magadi liko mita 600 tu. Kwa hiyo motokaa itateremka mita 1,400 katika safari isiyofika kilomita themanini, na hapa ndipo tofauti kati ya gari la kale na la sasa inapodhihirika hata kwa mtu asiyejua lolote la ufundi. Breki za magari mengi ya zamani ni za ngoma: viatu viwili ndani ya duara la chuma husukumwa nje mpaka vikwaruze. Zikishikwa kwa muda mrefu hupata moto, moto hauna pa kutokea, chuma hutanuka, na dereva hukanyaga asipate kitu. Dereva mzee wa njia hii hategemei breki. Hurudi gia ya tatu, na penye ukali zaidi ya pili, akaiachia injini kazi ya kulizuia gari, na mguu wake ukagusa breki kwa kifupi na kuachia, kugusa na kuachia. Ukifuata nyuma ya Bedford au Land Rover ya kale katika mteremko huu, usikie mngurumo wa injini ukipanda ilhali taa za nyuma haziwaki, ujue uko nyuma ya mtu anayeijua kazi yake, nawe mpe nafasi.

Kurudi kupanda ni mtihani wa namna nyingine. Bondeni joto hupita mara nyingi nyuzi 35, na gari lililojaa watu likipanda taratibu halipati upepo wa kutosha wa kupoza rejeta. Maji huchemka, sindano ya joto hufika mwisho wake, na ndipo utaona magari yamesimama kando na boneti wazi, mtu ameketi juu ya jiwe akisubiri. Asifungue kifuniko haraka! Maji yale yako chini ya shinikizo, na wako walioungua uso kwa kukosa subira ya robo saa. Liko pia tatizo jingine ambalo vijana wa magari ya kisasa hawalijui kabisa: petroli yenyewe kuchemka ndani ya bomba lake kabla ya kufika kwenye kabureta, ikawa mvuke, na pampu ya zamani isiweze kuusukuma mvuke huo. Dawa yake ni kitambaa kilichoroweshwa maji, kikafungwa juu ya pampu, na dakika chache za kivuli. Volkswagen, isiyo na maji ya kuchemka, hupanda polepole ikiimba, nayo ilijipatia marafiki wengi katika mlima huu kwa sababu hiyo moja.

Katikati ya bonde kuna Olorgesailie, na msafiri asipite bila kusimama. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapa mwaka 1919. Katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakachimbua, na mashoka ya mkono ya mawe yangali yametapakaa juu ya ardhi pale pale yalipokutwa, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mengine yakiwa na umri wa karibu miaka milioni moja. Nayataja kwa kuwa mtu akishatazama jinsi mikono ile ya kale ilivyopiga jiwe kwa jiwe mpaka likapata makali ya pande mbili zilizo sawa, huitazama kwa heshima zaidi kazi ya fundi wa bati wa Kitengela.

Kisha ziwa. Huonekana kwanza kama bati lililomwagwa juu ya jangwa, halafu likawa waridi, kisha jeupe, na upepo wake una ladha ya kuuma. Magadi ni mji wa kampuni. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, reli yake kutoka Konza, ipitayo Kajiado mjini, ikamalizika mwaka 1915, na tangu hapo mabehewa hupeleka unga mweupe hadi bandari ya Kilindini. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mwenyewe ni Tata Chemicals wa India. Mashine huogelea ziwani na kuvunja tabaka la chumvi ngumu iitwayo trona, ambalo huoshwa, huchomwa mpaka maji na hewa yake ya ukaa vitoke, na kile kibakiacho ndicho kitumiwacho zaidi viwandani katika kuyeyusha mchanga uwe kioo. Nani ajuaye ni vioo vingapi vya mbele vya motokaa zilizoteremka mlima huu vilivyokuwa na asili yake katika ziwa hili?

Mjini humo, kati ya nyumba za wafanyakazi na tuta livukalo ziwa kwenda ng'ambo ya magharibi, na mbele zaidi katika njia ya vumbi ya kuelekea Olkiramatian na Shompole, Land Rover ndiyo malkia. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza na alumini ya viwanda vya ndege ilibaki tele. Na alumini haishiki kutu kama chuma. Watu wengi husimamia hapo, wakadhani Land Rover haiwezi kudhurika popote. Magadi yawakanusha. Magadi si chumvi ya kawaida peke yake; ndani yake mna ukali wa aina ambao kemia huuita alkali, na alkali huila alumini. Wakati huo huo chumvi iliyochanganyika na magadi hayo huifuata fremu ya chuma iliyo chini. Kwa hiyo gari linalofanya kazi ufuoni hushambuliwa pande mbili, na ulinzi wake hauhitaji elimu kubwa: lioshwe chini kwa maji matamu kila mara baada ya kutoka ziwani, na tope lisiachwe likauke ndani ya viunga vya magurudumu. Mwenye kuteremka na gari lake la kale kwa matembezi ya siku moja na alishike neno hili, kisha ataniombea dua.

Sasa niseme lile lililonisukuma kuandika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na sheria hiyo ina maslahi yake kwa usalama na kwa hewa. Lakini maana yake kwa jambo letu ni kwamba motokaa za kale tulizo nazo ni zile zile zilizoingia zamani au kuunganishwa hapa, na kila moja ipoteayo haina badala. Nazo zinapotea. Bei ya vyuma chakavu imekuwa kishawishi kikubwa, tanuri za Athi River haziko mbali na Kitengela, na mfanyabiashara mwenye mizani hupita mabomani akilipa kwa kilo. Mwezi Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya minara ya umeme, na baadaye ikairudisha chini ya masharti. Masharti hayo yanalinda nyaya na minara. Hakuna sharti lililindalo gari lililomleta daktari wa kwanza wa mifugo katika kijiji, au lori lililosomesha watoto wanane kwa nauli ya ng'ombe.

Silaumu mjane anayeuza gari lisilowaka ili alipe karo, wala simwoni kijana aliyepata matofali badala ya mkebe wa kutu kuwa ni mjinga. Nalaumu kwamba hatujamwekea mtu huyo njia ya pili. Reli ina makumbusho yake Nairobi tangu mwaka 1971, na watoto wa shule huenda kuona vichwa vya treni vilivyovuta mizigo ya babu zao. Motokaa, iliyokwenda kule ambako reli haikufika, yastahili heshima iyo hiyo. Kaunti ya Kajiado ina ardhi, ina hewa kavu isiyo na mfano kwa kuhifadhi chuma, ina mafundi, na ina barabara ambayo wageni huipita kila wikendi kwenda kula nyama Olepolos na kutazama heroe Magadi. Banda moja la mabati pale Kiserian au Isinya, lenye magari ishirini ya kweli yaliyofanya kazi katika nchi hii na maelezo ya kila moja yaliyotoka kinywani mwa mwenyewe, lingegharimu kidogo kuliko mambo mengi yanayojengwa kwa fedha ya umma.

Hadi litakapojengwa, kazi iko kwa wenyewe. Uliye na gari la marehemu baba nyuma ya nyumba, tafuta kwanza daftari lake la usajili uliweke mahali pakavu; liinue gari juu ya mawe magurudumu yasiguse udongo, toa betri, ziba mdomo wa tangi, lifunike kwa mabati badala ya turubai, maana turubai huhifadhi unyevu. Muulize mama au ami aliyebaki lilinunuliwa wapi, kwa fedha ya ng'ombe wangapi, na lilikwenda wapi, ukayaandike hayo kwa mkono wako. Kisha mwenye mizani akija, mwambie arudi mwaka ujao.